Nani Mwenye Daraja?

Maji ni mpaka uliowekwa na Muumba, na daraja ni rehema iliyoundwa kwa mikono ya watu. Mtu akisimama katikati ya rehema hiyo, akaweka mlango, akanyosha kiganja kutaka fedha, yapasa aulizwe maswali matatu: nani aliyempa mlango huo, atakaa nao mpaka lini, na asiye na fedha apite wapi? Akishindwa kujibu hata moja, daraja lake limegeuka mtego. Nasema wazi kwamba njia ya lazima haifai kuwa milki ya mtu wala ya kampuni pasipo kikomo.

Sisi wa Kaloleni twajua uzito wa neno hili. Ashukaye kwa barabara ya Mavueni akielekea mjini Kilifi hukuta mkono wa bahari mbele yake. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, nazi, maembe, barua na wagonjwa, vyote vilingoja kivuko. Aliyewahi kungoja ukingoni ajua kwamba mwenye kivuko ndiye mwenye safari.

Sasa twende Mombasa. Mwaka 1931 lilifunguliwa daraja la kuelea juu ya maji, kutoka kisiwani mpaka bara ya Nyali. Daraja hilo halikuwa mali ya umma. Lilikuwa la kampuni, na kwa mapatano na Serikali ya kikoloni kampuni ilipewa haki ya kutoza ushuru wa kuvuka. Pwani hiyo, kwa mkataba wa mwaka 1895, ilihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Unguja iliyo chini ya ulinzi wa Uingereza. Basi nchi ya Sultani, utawala wa Mwingereza, daraja la kampuni: mwananchi alikuwa na nini ila miguu yake?

Baadaye ulizuka ubishi: je, magari ya jeshi yalipe ushuru au yasilipe? Kesi ya kampuni ya Nyali Limited na Mwanasheria Mkuu ilifika hadi Mahakama ya Rufani mjini London, na hukumu ikatolewa mwaka 1955. Humo Jaji Denning alifananisha sheria ya Kiingereza na mti wa mwaloni, akasema kwamba hauwezi kuhamishwa kupandwa Afrika na kutazamiwa udumishe ugumu wake wa kwao. Maneno hayo husomwa na wanasheria hata leo. Lakini tazama ni nani waliokuwa na kesi. Upande mmoja ni kampuni, upande wa pili ni Serikali. Jeshi lilikuwa na wa kulisemea. Mkulima mwenye gunia la muhogo hakuwamo.

Yupo atakayesema, “Waingereza walileta desturi ya kwao.” Desturi ipi? Daraja la Waterloo mjini London lilifunguliwa mwaka 1817, nalo lilikuwa la kampuni yenye kutoza ushuru. Watu walinung’unika, na katika enzi ya Malkia Victoria Bunge lilipitisha sheria ya mwaka 1877 ili madaraja ya namna hiyo mjini humo yanunuliwe na kuachwa huru. Mwaka 1878 ushuru wa Waterloo ukakoma. Basi jambo lililohesabiwa kero London mwaka 1877 lilihesabiwa maendeleo Mombasa mwaka 1931! Na mahali ambapo ushuru haukuondolewa, mlango umedumu: daraja la Swinford, karibu na Oxford, lilifunguliwa mwaka 1769, na hata katika karne hii ya 21 mwenyewe hutoza wenye magari.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ajengaye kwa mali yake astahili kurudishiwa mali hiyo na faida ya halali. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini deni likiisha kulipwa hufutwa. Lisilofutika si deni tena, ni utumwa. Na faida ya halali huonekana katika hesabu iliyo wazi, isiyofichwa sandukuni.

Usidhani, msomaji, kwamba haya ni mambo ya mababu. Daraja la kuelea la Nyali lilipisha daraja la saruji mwaka 1980, lakini milango mipya inajengwa. Barabara ya juu ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 2022, na kampuni ilipewa miaka 27 ya kutoza ushuru. Angalau hapo muda umetajwa, na chini yake ipo barabara ya zamani isiyolipiwa. Likoni nako, waendao kwa miguu huvuka bure. Hiyo ndiyo sura ya haki: kikomo kijulikane, na maskini awe na pa kupita.

Kesho ninyi ndio mtakaokuwa wahandisi, madiwani na wabunge. Mikataba ya madaraja italetwa mezani penu, minene, yenye maneno matamu. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni yale maswali matatu. Jibu lisipoandikwa katika mkataba, kalamu irudi mfukoni.