Moyo Ukienda Mbio, Mtu Aachwe Aende Akapimwe

Ndugu wanachama,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme jambo ambalo wengi wetu twalificha. Ni jambo la moyo kwenda mbio. Sisemi moyo wa mtu mwenye hofu, wala wa mtu aliyepanda kilima na mzigo. Nasema moyo unaoanza kupiga mbio ghafula, mtu ameinama tu akikaza bolti za reli, kisha hutulia ghafula vile vile ulivyoanza.

Mimi nimeishi nao miaka minne. Kliniki tunayotumwa iko mwendo wa saa nzima kutoka kambini, na kila nilipofika moyo ulikuwa umekwisha tulia. Nilishikwa mshipa, ikahesabiwa 76 kwa dakika, nikaambiwa sina kitu. Safari moja nilipewa dawa ya malaria. Safari nyingine niliulizwa kama nimegombana na mke wangu. Nikarudi bila cheti, na msimamizi akaandika kwamba niliacha kazi bila sababu. Mara mbili nilikatwa mshahara wa siku.

Maoni yangu ni haya. Ugonjwa wa namna hii ni kama gari la mizigo lisilosimama stesheni. Ukifika baada ya kupita hutaliona, lakini haifai kusema kwamba halikupita. Stesheni masta ana hakika kwa sababu aliandika kitabuni saa ile ile lilipopita. Moyo nao ni hivyo hivyo: yafaa uandikwe wakati unapokwenda mbio.

Mtu mzima aliyepumzika, moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Huongozwa na umeme mdogo unaopita katika njia yake. Wako watu waliozaliwa na njia ya ziada. Siku nyingine umeme huingia njia hiyo ukazunguka na kurudi, kama injini iliyofunguliwa pointi isiyo yake, na moyo hufika mapigo 150 hata kupita 200. Tena ziko sababu nyingine: upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, vali za moyo zilizoharibika, hata miraa na kahawa nyingi. Ndiyo maana daktari hana budi kutafuta, asikisie.

Mashine ya kuandika umeme wa moyo, iitwayo ECG, si kitu kigeni. Bwana Willem Einthoven wa Uholanzi alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1924. Kupimwa kwenyewe ni dakika chache, wala hakuna maumivu. Iko na mashine ndogo ambayo mtu huivaa mchana na usiku akiendelea na shughuli zake.

Mwaka jana moyo ulinishika asubuhi, na mwenzangu mmoja hakungoja ruhusa. Alinipakia pikipiki mpaka kituo cha afya chenye mashine hiyo. Nilifika ungali unakwenda, na karatasi ikaonyesha 190. Daktari aliitazama akanitajia jina la ugonjwa wangu papo hapo. Karatasi ile moja ilimaliza mabishano ya miaka minne. Mwenzangu naye alipewa barua ya onyo.

Tazameni basi mtego tuliomo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Lakini yataka cheti cha daktari. Cheti chataka ugonjwa uonekane. Na ugonjwa wenyewe umekwisha kwenda zake! Tena tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii. Hatuombi sadaka.

Naomba chama chetu kipeleke mambo matatu mbele ya wakubwa. Kwanza, mtu akishikwa kazini aachwe aende saa ile ile, pamoja na mwenzake wa kumsindikiza, na wasihesabiwe kosa. Pili, kliniki tunayotumwa iwe na mashine hiyo. Kama haina, itupeleke penye nayo. Tatu, anayesema ugonjwa wake apewe kazi nyepesi wakati anapochunguzwa, asifukuzwe. Hili la tatu ndilo kubwa. Mtu akijua kwamba kusema ni kupoteza kazi, atanyamaza. Atanyamaza huku anaongoza injini, au anatembea peke yake juu ya daraja, na siku atakayozimia hataumia yeye tu.

Wako watakaosema kwamba wavivu watajifanya wagonjwa. Nawajibu: mashine haimjui mvivu wala hodari. Karatasi itasema.

Nasi wafanyakazi tuna wajibu wetu. Ukishikwa, weka vidole kwenye mshipa wa mkono, tazama saa, hesabu mapigo kwa nusu dakika, kisha zidisha kwa mbili. Andika tarehe, saa, ulikuwa ukifanya nini, na ulichukua muda gani. Mpe daktari daftari hilo. Lakini ukisikia maumivu ya kifua, au pumzi kukatika, au ukizimia, usihesabu kitu: pelekwa hospitali upesi.

Ndugu, ugonjwa huu una dawa. Wengine hufundishwa na daktari namna ya kupuliza pumzi na kuinua miguu ili moyo utulie. Wengine hupewa vidonge. Wengine hupitishiwa waya mwembamba katika mshipa wa damu mpaka moyoni, na ile njia ya ziada ikachomwa. Lakini hakuna atakayetibiwa ugonjwa usio na jina.

Katika mkutano ujao wa tawi nitaleta daftari langu na karatasi yangu. Naomba kila mwenye moyo kama wangu asimame pia. Mmoja akisema, huitwa mvivu. Tukisimama ishirini, watatusikiliza.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanyakazi wa genge la njia ya reli