Saiba za Eastlands na kivinjari kilichozeeka

Ndugu zetu wengi walioko Kayole, Umoja na Eastleigh hawana kompyuta nyumbani. Pasipoti, cheti cha tabia njema, ripoti ya KRA: yote huenda kufanyiwa saiba, ndani ya kivinjari cha mashine ya mtu mwengine.

Julai 2023, eCitizen iliposhambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan, nchi nzima ilipiga kelele. Lakini shambulio lile lilikuwa la kuziba njia tu. Wizi wa neno la siri haupigi kelele.

Microsoft iliacha kuziba nyufa za Windows 7 Januari 2020. Chrome nayo ikaitupa mkono Februari 2023, ilipotoa toleo la 110. Kwa hivyo mashine ya Windows 7 imekwama na Chrome 109, na kila ufa uliogunduliwa baadaye uko wazi. Simu ya Android ina nafuu kidogo: hata mfumo wake ukizeeka, Chrome huweza kusasishwa peke yake kwa muda. Linux ni ya bure, na yako matoleo mepesi yanayosasishwa hadi leo hata kwa kompyuta kuukuu.

Mwenye saiba asijitetee kwa umaskini, basi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde. Nawe mteja, usikubali kivinjari kihifadhi neno lako la siri, na utoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Hapo hakuna mfumo utakaokuokoa, uwe mpya au mkongwe.