Madereva Wasikatiwe Waya wa Kompresa



Madereva wa upande wa Fort Ternan wametuletea shauri ambalo wengine walilicheka. Sisi hatukulicheka. Katika kampuni moja ya chai, ambayo leo hatulitaji jina lake, mkubwa wa karakana ameamuru magari yote yabebayo wafanya kazi yakatwe waya wa kompresa ya eyakondishena. Sababu yake ni kwamba dereva akifungua hita ya kioo, kompresa nayo yazunguka. Kwake huo ni upumbavu, kupasha moto na kupoza kwa wakati mmoja, na petroli yapotea bure.

Kwa mtu akaaye ofisini jambo hili ni kichekesho kweli. Basi na tulieleze. Joto la hita halinunuliwi, latoka katika maji ya rejeta ambayo injini imekwisha kuyapasha yenyewe. Kompresa ndiyo ilayo petroli, kwa maana yavutwa na mkanda wa injini. Lakini kazi yake wakati huo si kuwapoza watu. Hewa ikipita penye mabomba ya baridi, unyevu wake hugeuka matone ukadondoka chini ya gari. Ndiyo yale maji ambayo kila mara abiria huuliza kama rejeta imetoboka. Kisha hewa hiyo iliyokauka hupita penye hita, ikapata joto, na ikipulizwa kiooni ukungu huondoka upesi. Wenye kutengeneza magari waliyajua haya. Katika magari mengi ukigeuza swichi kwenye alama ya kioo cha mbele, kompresa huwaka yenyewe, upende usipende. Dereva hakuiwasha kwa anasa.

Sasa tazameni njia yetu. Gari latoka Muhoroni penye miwa na joto, lapita Fort Ternan, lapanda Kipkelion mpaka Londiani, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Mvua yanyesha. Ndani wamebanana watu kumi na wanne, makoti yanachuruzika maji, na kila mmoja anapumua. Hita peke yake husaidia, lakini polepole, na penye nguo mbichi nyingi hivyo haishindi. Dereva apangusa kioo kwa kitambaa kwa mkono mmoja, usukani kwa mkono wa pili, na mbele yake kuna kona na lori ambalo halijui kwamba yeye haoni.

Hatumtetei dereva alalaye kando ya njia huku kompresa yanguruma. Jua likiwaka na kioo kikiwa kikavu, izimwe. Tena wako madereva wetu wafungao hewa ya nje, wakazungusha ile ile ya ndani yenye pumzi za watu, kisha walalamikie ukungu. Hao wajirekebishe. Lakini swichi iko mbele ya dereva ili yeye aamue, na waya ukikatwa swichi ni pambo tu.

Tena hesabu yenyewe ni mbovu. Mafuta ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi yake. Ikikaa miezi bila kuzunguka, mipira yake hukauka na gesi huvuja. Fundi atakapoitwa, bei yake itameza ile petroli iliyookolewa, na twajua mshahara wa nani utatazamwa kwanza.

Twataka nyaya zirudishwe. Kabla hazijarudishwa, dereva asiyeona njia asimame mahali salama, amwarifu msimamizi wake, aandike saa na mahali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi aarifu hatari kubwa aionayo, na yamkataza mwajiri kumrudisha penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Nakala ya maandishi hayo apewe mwakilishi wa tawi. Tutakwenda nayo mbele ya meneja, pamoja na dereva mwenyewe, na tutamwomba meneja apande gari hilo saa kumi ya jioni, mvua ikinyesha, akae kiti cha mbele.