Msaada Usiomsaidia Asiyejua

Msaada unaomtaka mtu alijue kwanza jambo alilokuja kuliuliza, sisi hatuuiti msaada. Twasema hivi juu ya programu za kanzidata zinazoendeshwa kwa amri za kuandikwa, na mfano wetu ni psql, chombo cha PostgreSQL, ambacho baadhi yetu walimu twakitumia kuhifadhi orodha za wanafunzi.

Mwanagenzi atakaye kubadili jina la safu katika jedwali huandika \h RENAME, kwa kuwa ndilo neno lililomo kichwani mwake. Hujibiwa kwamba hakuna msaada juu ya neno hilo. Kumbe maelezo yamo, ila yamewekwa chini ya ALTER TABLE, na asiyelijua jina hilo hana budi kuipekua orodha nzima. Sisi tunaofundisha lugha twalifahamu kosa hili, maana hata kamusi zetu hazijatakasika nalo: mgeni hulitafuta "nyuso" chini ya N, na huku limelazwa chini ya U; hufunga kitabu akidhani halimo.

Baya zaidi ni DELETE. Msaada wake huonyesha sharti la WHERE ndani ya mabano ya mraba, yaani laweza kuachwa. Lakini hausemi kwamba likiachwa, mistari yote ya jedwali hufutika. Mwenzetu mmoja alikusudia kumwondoa mwanafunzi mmoja aliyehama, akafuta majina ya kidato kizima. Onyo limeandikwa wazi katika mwongozo ulioko kwenye intaneti, na tangu toleo la 12 la mwaka 2019 \h huonyesha anwani yake. Siku hiyo shuleni hapakuwa na mtandao.

Wataalamu hutujibu kuwa \h ni ya kumkumbusha ajuaye. Basi na iitwe kikumbusho! Wala wasituambie kwamba kumsikiliza mwanagenzi hakuwezekani: kwa miaka mingi aliyeandika quit hakutoka, sharti aandike \q, hata toleo la 11 la mwaka 2018 lilipolikubali neno lake. Mashine haikuharibika kwa hilo.

Twadai, basi, utafutaji unaopita ndani ya maelezo yenyewe, si katika majina ya amri tu. Mfano mmoja mfupi chini ya kila amri. Na onyo la DELETE liandikwe papo hapo kwenye skrini, hata kwa mstari mmoja.