Harufu ya Tope la Mikoko

Akina mama wenzetu waliowahi kupanda boti Nyamisati, wilayani Kibiti, wanaijua harufu ile. Maji yakipwa na tope la mikoko likabaki wazi, unasikia kama yai viza. Wageni huziba pua. Sisi tulidhani ni taka za samaki, kumbe wanaoitoa ni viumbe hai.

Ndani ya tope hilo, hata shubiri moja tu kwenda chini, hewa haifiki. Lakini wamo bakteria, vijidudu wasioonekana kwa macho, wanaoishi bila oksijeni. Hula mabaki ya majani yaliyooza, na badala ya hewa hutumia salfa iliyomo katika maji ya bahari, kisha hutoa gesi yenye uvundo huo. Gesi ikikutana na chuma cha udongo, tope huwa jeusi, lile linalogoma kutoka kwenye khanga hata usugue vipi. Salfa ndiyo kile kiberiti tunachokisoma katika habari za Sodoma.

Wengine wa jamii hii ya salfa huishi mapangoni. Mwaka 1986 huko Romania liligunduliwa pango la Movile, lililokuwa limejifunga kwa mamilioni ya miaka. Jua haliingii, jani halioti, lakini buibui na konokono wamo, kwa kuwa bakteria hupata nguvu kutokana na gesi hiyohiyo, nao huwa chakula cha wenzao. Mungu hakuacha hata giza lile tupu.

Huku deltani, mikoko ikifyekwa ili kupanda mpunga na tope likakauka, salfa hukutana na hewa ikageuka tindikali, shamba likachachuka. Hatuwalaumu wanaofyeka, watoto lazima wale.

Linalotutia hofu zaidi liko karibu na nyumba. Gesi hii hutokea pia katika mashimo ya vyoo. Ufukweni upepo huipeperusha, lakini shimoni hutulia chini, maana ni nzito kuliko hewa. Ikizidi, pua huacha kuisikia, na mtu hudhani imekwisha. Ndiyo maana mmoja hushuka kuokota kitu, wa pili akamfuata kumwokoa, wote wakafia humo. Mama, funika shimo kwa kifuniko kizito asichoweza kukisogeza mtoto. Ndoo ikitumbukia, hesabu imepotea. Na mtu akianguka, usimshukie wala usimruhusu kijana wako ashuke. Piga yowe, itafutwe kamba na waitwe waokoaji wenye vifaa vya kupumulia.