Maji ya Mto si ya Shamba Moja



Hapa Ruring'u maji yetu huteremka mpaka mto Tana. Ya wenzetu wa Naro Moru huingia Ewaso Ng'iro, yakawafikia wafugaji wa Isiolo na Samburu. Wataalamu wa CETRAD, Nanyuki, wamepima mito ya huko miaka mingi, wakaona maji ya kiangazi yamepungua sana, na sababu kubwa ni mifereji na mabomba ya sisi tulio juu. Wengine husema, "Basi nitachimba kisima." Lakini maji yaliyo chini ya ardhi ndiyo yalishayo mto wakati wa jua. Yafaa kila mkulima achukue kibali chini ya Sheria ya Maji ya 2016, achimbe bwawa la kuweka maji ya masika, na wakati wa kiangazi auache mto upite. Jirani wa chini naye ana ng'ombe.