Muda wa Kuiga na Muda Ulioigwa

Naanza kwa kukiri kosa, kisha nitoe rai.

Binti wa mdogo wangu, mwanafunzi wa kemia, aliniomba nimpitie Kiswahili cha makala yake. Nikakuta sentensi niliyoiona imepinda, nikainyoosha hivi: "Uigaji ulichukua milisekunde moja." Aliposoma alicheka, kisha akasikitika. "Baba mkubwa, umeipa kompyuta kasi ya radi, ilhali ilihangaika miezi!"

Makala ilihusu kompyuta iitwayo Anton, ya Marekani, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010. Iliiga milisekunde moja ya mienendo ya protini ndogo iliyozungukwa na maji. Uigaji wa namna hiyo huenda kwa hatua za femtosekunde mbili hivi. Nayo femtosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Hatua ikirefushwa mno, mitikisiko ya atomi hupotea na hesabu huvurugika. Kwa mwendo huo, milisekunde moja hudai hatua zipatazo bilioni 500.

Kinyume chake, mwaka 2005 wanafalaki walichapisha uigaji wa Milenia, uliofanyika Garching, Ujerumani. Humo zaidi ya miaka bilioni 13 ya ulimwengu ilikunjwa katika mwezi mmoja hivi wa kazi ya kompyuta.

Tazameni basi hila ya kitenzi "kuchukua". Tukisema uigaji umechukua muda fulani, muda huo ni wa nani: wa mashine, au wa jambo linaloigwa? Wapo watakaodai tukope istilahi. Siafiki. Dawa imo katika sarufi yetu. "Muda wa kuiga" ni wa mashine. "Muda ulioigwa" ni wa protini au nyota. Kiambishi kimoja cha kutendwa, -w-, kimetenganisha miezi na milisekunde.

Washairi hili mnalijua tangu zamani. Utenzi unaoghaniwa usiku mmoja husimulia vita vya miaka, na hakuna msikilizaji achanganyaye usiku wa kughani na miaka iliyoghaniwa.

Nilimrudishia binti makala yake nikiwa nimeandika: "Milisekunde moja iliyoigwa ilidai miezi ya kuiga." Safari hii hakucheka. Sayansi ikieleweka vibaya kwa Kiswahili, tusikimbilie kusema lugha ni changa. Tuchunguze kwanza kalamu zetu.